ECD, ioni hasi au EI: ipi itufae kutambua vichafuzi vya bromini?

Mchanganuzi:
Wadau, naombeni mwongozo. Maabara yetu inaanza kupima vizuia moto vyenye bromini kwenye vumbi la ndani na mashapo ya mto: PBDE (difenili etha zenye bromini; kila moja huitwa BDE na namba yake) kuanzia BDE-28 mpaka BDE-209, pamoja na HBCD (kizuia moto kingine cha bromini). Tuna GC (kromatografia ya gesi) moja yenye ECD (kigunduzi cha kunasa elektroni), na nyingine yenye spektrometa ya masi ya kwadrupoli inayoweza kuendeshwa kwa EI (kuionisha molekuli kwa kuzigonga kwa elektroni) au kwa ioni hasi kwa kutumia methani. Kolamu (mrija unaotenganisha kampaundi) iliyopo ni ya mita 30. Bosi anataka tuanze na ECD kwa kuwa ipo tayari na haisumbui. Nyie mnaonaje?

Kapilari:
Kwa mashapo, ECD achana nayo, labda kwa kuchuja sampuli tu. Inaitikia bromini, inaitikia klorini, kwa hiyo PCB (vichafuzi vya klorini) na viuatilifu vya zamani vinakuja kujipanga humo humo kati ya PBDE, nawe ushahidi wako ni muda wa kutoka peke yake. Halafu kuna salfa. Usipoiondoa kwa shaba, inakupandishia mlima unaofunika nusu ya kromatogramu.

Nusu_kwa_nusu:
Nenda ioni hasi, mkuu. Molekuli inanasa elektroni ya nishati ndogo, bromidi inakatika, wewe unafuatilia masi 79 na 81, yaani isotopu mbili za bromini, basi. Katika maumbile isotopu hizo mbili zinakaribia kulingana, 50.7% kwa 49.3%, kwa hiyo kilele cha kweli kinaonekana kwenye njia zote mbili kwa kimo karibu kile kile. Kikisimama kwenye 79 peke yake, hicho si bromini. Kwa unyeti, EI ya kwadrupoli haioni ndani, hasa ukishapita bromini sita.

Kapilari:
Unyeti sikatai. Ila 79 na 81 zinakuambia "hapa kuna bromini", hazikuambii ni ya nani. Mfano unaojulikana: PBB-153 (bifenili yenye bromini) na BDE-154 hutoka pamoja kwenye kolamu za aina ya DB-5. Kwa ioni hasi ni kilele kimoja, utakiandika BDE-154 na hakuna atakayekushtukia. Kwa EI, kundi la ioni ya molekuli liko karibu na 628 kwa PBB na 644 kwa BDE. Tofauti ni oksijeni moja, na inaonekana waziwazi.

Au chukua BDE-47. Ina bromini nne, kwa hiyo kwenye EI unapata ngazi ya 482, 484, 486, 488, 490 kwa uwiano unaokaribia 1:4:6:4:1, na kundi jingine karibu na 326 baada ya bromini mbili kuondoka. Ngazi hiyo haighushiki kirahisi. Tena standadi yenye kaboni-13 (isotopu nzito ya kaboni) inasogea vizio 12, unaitumia kusahihisha upotevu wa kila kampaundi. Kwenye 79/81 standadi hiyo haikusaidii, maana bromidi haina kaboni ndani yake. Ndiyo maana mbinu 1614 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, inatumia EI na standadi za kaboni-13, ingawa kwa spektrometa yenye uwezo mkubwa wa kutofautisha masi.

Bahari_kuu:
Naongezea kwa watakaohamia samaki na nyangumi: MeO-BDE (BDE zenye kundi la methoksi) zipo kiasili baharini, na zote zinaitikia 79/81. Mwaka 2005 kaboni ya mionzi katika mafuta ya nyangumi ilithibitisha kwamba si za kiwandani. Si kila bromini ni taka.

JotoKali:
Mnabishana kuhusu kigunduzi wakati BDE-209 inafia njiani. Kwa mita 30 inakaa kwenye joto muda mrefu mno. Tafuta kolamu ya mita 15, utando wa mikromita 0.1. Kisha angalia mrija wa kioo wa injekta: ukichafuka, BDE-209 inapoteza bromini humo humo na BDE-206, 207 na 208 zinachomoza kana kwamba zilikuwa kwenye sampuli. Ingiza standadi safi ya BDE-209 peke yake kila siku; ikileta hizo tatu kwa wingi, badilisha mrija kabla ya kugusa sampuli. Tumia chupa za kahawia pia, mwanga nao unaibomoa.

Kwa 209 yenyewe ioni hasi ina nafuu: fuatilia 487, ambayo ni kipande chenye bromini tano, na standadi ya kaboni-13 kwenye 493. Hapo pingamizi la Kapilari halishiki.

HBCD iondoe kwenye GC. Ikipita nyuzi 160 hivi, isoma zake alfa, beta na gama zinaanza kugeukiana. Ukitaka kuzitenganisha, hiyo ni kazi ya LC-MS/MS (kromatografia ya kimiminika yenye spektrometa za masi mbili mfululizo).

Mchanganuzi:
Kwa hiyo ioni hasi kwa kiasi, EI kwa uthibitisho?

Kapilari:
Ndiyo, EI ukiielekeza kwenye sampuli zenye kiwango kikubwa na kila kilele kinachotia shaka. Zile ndogo kabisa, ukizikoleza zaidi na bado EI haisemi, andika "haijathibitishwa".

JotoKali:
Na sampuli tupu kila kundi, tafadhali. Vumbi la maabara yenyewe, na kompyuta zake za zamani, lina BDE-209 ya kutosha kukuharibia ripoti.