Mwanangu anafungua kila kifaa nyumbani, nimzuie au nimwache?

Mama Shani
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mafundi na wazazi wenzangu. Nina kijana wa kidato cha pili. Rimoti, redio ya bibi yake, feni ya mezani, vyote vimepitia bisibisi yake. Vingine vinapona, vingine vinaishia kwenye ndoo chini ya kitanda. Jumamosi natoka sokoni nakuta sabufa ya sebuleni iko wazi, eti anatafuta inakotokea ile sauti ya kunguruma. Baba yake kashapiga marufuku. Mimi naona kama ana kipaji, ila umeme naogopa. Mnanishaurije?

Sio_Mpole
Hapo ni fimbo tu. Sabufa hela hiyo! Ufundi asubiri amalize shule.

Fundi Bodi
Dada, huyo mpuuze. Kijana kauliza swali la kifundi kabisa. Sabufa ikinguruma hata sauti ukiishusha yote, wa kwanza kushukiwa ni zile kapasita kubwa, vikopo vya kutunza na kuchuja umeme, vilivyosimama kama mapipa. Nzima ina kichwa bapa. Iliyochoka mara nyingi huvimba kichwani au huvuja. Inawekwa nyingine ya kipimo kilekile, volti zisipungue zilizoandikwa, na mguu wa hasi, upande wenye mstari, usigeuzwe. Ukigeuza inapasuka.

Ila kwa sasa afungue vya betri tu. Cha kuchomeka ukutani hata ukichomoa kinaweza kubaki na umeme ndani. Adapta na TV bapa huchukua ile 230 ya ukutani na kuweka kama volti 325 kwenye kapasita. Maikrowevu asiisogelee kabisa, mle ni maelfu ya volti na imeshaua hata wazoefu. TV za chogo vilevile. Na betri ya simu iliyovimba asiitoboe wala kuikunja, inalipuka moto.

Babu Kihonda
Kwangu sheria ilikuwa moja: hufungui kingine mpaka cha kwanza kifungwe na kiwake. Hiyo ndoo, mama, ndiyo ya kushughulikia. Achore umbo la kifaa kwenye karatasi, kila skrubu aibandike kwa selotepu pale ilipotoka. Zinafanana kwa macho lakini urefu mbalimbali, na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa bodi. Nyaya azipige picha kabla hajagusa kitu.

Mama Shani
Asanteni sana. Rimoti kweli kairudishia na haifanyi kazi. Atajuaje ilipofia?

Fundi Bodi
Aielekeze kwenye kamera ya simu, ile ya mbele, abonyeze kitufe huku anatazama kioo cha simu. Mwanga wa rimoti macho yetu hayauoni ila kamera nyingi zinauona. Kitaa cha mbele ya rimoti kikimetameta, rimoti inatuma, ahamie kwa TV. Kisipowaka aanze na betri, kisha springi kama zimeota kutu, asugue kwa msasa laini. Zikigoma namba mbili tatu tu, uchafu umeingia kati ya bodi na vile vidoti vyeusi vya chini ya mpira. Pamba na spiriti vinatosha.

Na mnunulie mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya kidijitali. Bila mita ni kubahatisha.

Sio_Mpole
Nimejaribu hiyo ya kamera kwa rimoti yangu ya king'amuzi, kumbe inawaka vizuri 😂 Nilikuwa nalaumu betri bure.

Mama Shani
Na sabufa je? Baba yake anaitaka iwe inapiga Jumapili.

Fundi Bodi
Hiyo mpelekeeni fundi wa jirani, lakini kijana ndiye aibebe, na akae palepale kwenye benchi mpaka iishe. Mwambie fundi kabisa kwamba mnalipia na maswali ya dogo. Kapasita mbovu zikitolewa aombe aondoke nazo, akazipime kwa mita yake.