Kazi yangu yote iko kwenye kompyuta: mapumziko ya macho na akili yapangwe vipi?

Mhasibu wa Ilala aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mama wa miaka 43, mhasibu katika kampuni inayoagiza vipuri vya magari hapa Dar es Salaam. Naingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, na karibu muda wote huo niko mbele ya kompyuta. Ikifika wiki ya kufunga hesabu za mwezi, pamoja na kuandaa ritani ya VAT ambayo mwisho wake ni tarehe 20, kazi hunifuata hadi nyumbani.

Ifikapo saa tisa alasiri macho huniwasha kama yameingia mchanga, tarakimu za Excel huanza kuwa na ukungu, shingo hukaza, na nikiinua kichwa kumtazama mtu aliyesimama mlangoni hupita kitambo kabla sijamwona vizuri. Mapumziko ninayo, sitasema uongo. Nikichoka naegemea kiti, nachukua simu, napitia vikundi vya WhatsApp na video mbili tatu, kisha narudi kwenye hesabu nikiwa nimechoka kuliko nilivyoziacha.

Naomba kujua mapumziko yanayosaidia kweli ni ya namna gani, na kama kuna haja ya kununua ile miwani ya kuzuia mwanga wa buluu ambayo sasa inauzwa kila duka. Zaidi ya hapo, mkuu wangu wa kazi ni mtu mwema lakini hutuma maagizo saa nne usiku, na zile tiki mbili zikishageuka buluu ni kama nimesaini kupokea. Tafadhali msiniambie tu kwamba niache simu, kwa sababu ushauri huo nimeshaupata kwa kila mtu, akiwemo mwanangu ambaye naye haiachi yake.

Mpima Macho (Moshi) alijibu:

Dada Mhasibu, pole na kazi. Umeeleza mambo mawili tofauti yanayotokea kwa pamoja, na ni vema kuyatenganisha kwa sababu kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni ukavu. Mtu anayezungumza na mwenzake hupepesa macho takriban mara 15 hadi 20 kwa dakika, na kila anapopepesa, kope hutandaza upya utando mwembamba wa machozi juu ya jicho. Mtu huyo huyo akikazia macho kompyuta, idadi hiyo hushuka sana, hata chini ya nusu, na mara nyingi kope hazifungi kabisa bali huishia njiani. Ongeza kiyoyozi au feni inayopuliza usoni, na huo mchanga unaousikia saa tisa unapata maelezo yake. Geuza feni isikuelekee. Shusha skrini ili ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, kwa kuwa jicho linalotazama chini huachwa wazi eneo dogo zaidi, na kaa mbali nayo kiasi cha urefu wa mkono ulionyooshwa. Kila unapomaliza ukurasa, funga macho taratibu mpaka kope zikutane, kisha fungua, na urudie hivyo mara chache.

La pili ni misuli ya ndani ya jicho, ambayo hukaza ili lenzi iweze kuona cha karibu, na hulegea unapotazama mbali. Ukiikaza kwa saa nzima haitalegea papo hapo, ndiyo maana yule aliye mlangoni unamwona kwa kuchelewa. Hapa ndipo unapoingia ule utaratibu uitwao 20-20-20, uliotangazwa na mtaalamu wa macho wa Marekani, Jeffrey Anshel: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20. Kwa ofisi ya Ilala, bati la jengo la upande wa pili wa barabara linatosha kabisa. Sasa utaona kwa nini simu yako haikupumzishi: unaitoa misuli ile ile kwenye kazi ya sentimita 60 na kuipeleka kwenye kazi ya sentimita 30, ambayo ni nzito zaidi.

Kuhusu miwani ya mwanga wa buluu, hifadhi fedha yako. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho wa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida, na chama cha madaktari bingwa wa macho wa Marekani hakizipendekezi kwa watumiaji wa kompyuta. Mwanga wa buluu unaotoka kwenye skrini ni mdogo mno ukilinganisha na ule unaoupata ukitembea juani kwenda kituo cha daladala.

Lakini kwa umri wako ipo miwani ambayo huenda kweli unaihitaji. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu kwa kila mtu, bila kujali kama amewahi kugusa kompyuta, na wengi huilaumu skrini kwa jambo lililoletwa na umri. Nenda ukapimwe, na umwambie anayekupima umbali uliopo kati yako na skrini, kwa sababu miwani ya kusomea kitabu huwa haifai kwa umbali huo. Jambo moja zaidi, na hili nalisisitiza: usinunue dawa za matone dukani kwa kuelezwa tu na muuzaji. Baadhi zina steroidi, ambazo hutuliza wekundu haraka na kumfurahisha mtu, lakini zikitumika muda mrefu bila uangalizi zinaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho.

Afisa Utumishi (Nairobi) alijibu:

Mpima Macho ameshughulikia jicho, nami nitaongeza upande wa mwajiri, kwa kuwa watu wengi huomba mapumziko kana kwamba wanaomba hisani.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi ndani ya muda huo ikiwa tu kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine. Kula wali kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye kipanya hakuhesabiki kuwa ni mapumziko, hata kama ni wewe mwenyewe uliyechagua hivyo.

Saa hiyo moja, hata hivyo, haitoshi kwa kazi ya skrini. Uingereza ina kanuni za mwaka 1992 zinazohusu kazi hii mahususi, na mamlaka yao ya usalama kazini inashauri kwamba mapumziko ya dakika 5 hadi 10 kila saa ni bora kuliko dakika 20 kila baada ya saa mbili. Ukitaka hoja ya kumpelekea mkuu wako, ninayoipenda mimi ni utafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, uliochapishwa mwaka 2000, kwa sababu uliwahusu watu wanaofanana nawe: wafanyakazi wa kuingiza taarifa za kodi kwenye kompyuta. Walikuwa na mapumziko mawili ya dakika 15 kwa siku, wakaongezewa ya dakika tano tano ambayo jumla yake ilikuwa dakika 20. Maumivu ya mwili na uchovu wa macho vilipungua, na kazi iliyofanyika haikushuka ingawa muda wa kukaa kwenye mashine ulikuwa umepungua. Mkuu wa kazi anayejali tarakimu ataisikia hoja hiyo haraka kuliko habari za afya.

Kuhusu ujumbe wa saa nne usiku, Ufaransa iliweka haki ya kutopatikana baada ya kazi katika sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2017, ambapo kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu jambo hilo. Huku kwetu Kenya, Seneta Samson Cherargei aliwasilisha mswada wenye lengo kama hilo mwaka 2022, na waajiri wakaupinga kwa sauti kubwa. Kwa maoni yangu usisubiri sheria. Mara nyingi mkubwa hutuma usiku kwa sababu jambo limemjia kichwani na anaogopa kulisahau, wala hatarajii jibu usiku huo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Muulize ana kwa ana, kwa adabu, wakati wa mchana: “Mkuu, maagizo ya usiku niyashughulikie usiku huo huo au asubuhi ninapoingia?” Wengi hujibu asubuhi, na ukishalipata jibu hilo una ruhusa ya kuzima data bila moyo kudunda.

Wakala wa Kona (Mwanza) alijibu:

Shikamoo dada. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, simu ndiyo duka langu, kwa hiyo wanaposema watu wazime simu siku nzima huwa nawasikiliza tu. Nikizima, mteja anahamia kibanda cha jirani.

Nilichogundua ni kwamba kazi yangu haihitaji simu janja. Miamala yote naipitisha kwa menyu ya nyota na reli kwenye kitochi, ambacho hakina video, hakina vikundi, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Simu janja nimeiweka kwenye droo ya chini pamoja na kitabu cha kumbukumbu za miamala, na bando nalinunua la saa chache jioni badala ya lile la wiki, kwa sababu bando la wiki humfanya mtu aone anapoteza fedha yake asipolitumia. Ukienda kula, beba kitochi peke yake. Nyumbani wakikuhitaji watakupigia, na ofisini wakikuhitaji kweli watakupigia pia. Asiye na haja ya kukupigia hakuwa na haraka.

Mfasiri wa Unguja alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia isipokuwa kwa kengele ya kila dakika 20. Kwa kazi ya kufasiri, na nadhani hata kwa kuoanisha hesabu na taarifa ya benki, kengele inayolia katikati ya sentensi hukukata pumzi, ukirudi huanza upya, na baada ya siku chache unaizima kwa hasira. Ni afadhali kufuata viungo vya kazi yenyewe: mwisho wa aya, mwisho wa ukurasa, mwisho wa akaunti moja. Macho yapate kutazama mbali hapo, hata kama ni dakika ya 17 au ya 26.

Mapumziko marefu nayafuata kwa adhuhuri na alasiri. Sisemi hivi ili kumhubiria mtu, bali kwa sababu swala ina sifa ambazo mapumziko tunayojipangia wenyewe hukosa. Wakati wake hauamuliwi nami, hivyo siwezi kuusogeza mbele kwa kujiambia nimalizie hili kwanza. Lazima niinuke kitini. Natia udhu, maji yanapita usoni na machoni, natembea hadi msikiti wa mtaa huku nikitazama mbali, mgongo unainama na kunyooka, na simu inabaki mezani. Asiyeswali anaweza kupata kitu cha namna hiyo kwenye chai ya saa nne, mradi chai hiyo ainywe kwa mama ntilie nje ya jengo, na asiletewe mezani.

Mhasibu wa Ilala aliandika:

Nawashukuru nyote. Miwani ya buluu nimeachana nayo, na nimepanga kwenda kupimwa, kwa sababu nikikumbuka vizuri hata maandishi ya Biblia siku hizi nayasogeza mbali. Kitochi kipo nyumbani, na chai ya saa nne nitaishukia chini. Lile swali la mkuu nitaliuliza Jumatatu, ingawa kwa kweli linanitia woga kuliko kupimwa macho.

Limebaki moja. Wiki ya kufunga hesabu haina chai wala adhuhuri. Kila mtu ananisubiri mimi, na dakika kumi za kila saa hapo sizioni zikipatikana.

Afisa Utumishi (Nairobi) aliandika:

Dada, zile kanuni za Uingereza hazisemi mapumziko tu. Zinasema mapumziko au kubadilisha shughuli. Wiki hiyo usitafute muda wa kukaa bure. Tafuta kazi za kufunga mwezi zisizo za skrini, kisha uzichomeke katikati ya zile za skrini badala ya kuzirundika asubuhi moja. Kwa kampuni ya vipuri bila shaka kuna kuhesabu mali ghalani. Kuna kufuatilia stakabadhi kwa madereva, na kuna kupeleka hati zikasainiwe.

Mhasibu wa Ilala aliandika:

Kuhesabu mali huwa tunafanya siku moja tangu asubuhi hadi mchana, kisha nakaa kwenye kompyuta mfululizo hadi usiku. Mtunza ghala hufunga kutoa mzigo saa kumi jioni, kwa hiyo rafu zinaweza kuhesabiwa kwa zamu kuanzia muda huo, chache kila siku, bila mali kuchanganyika. Saa kumi ndiyo saa ambayo macho yangu huwa yameshagoma. Nitamwomba tuanze na rafu za breki, maana ndizo zenye boksi kubwa zinazosomeka kwa mbali.