Eti "wewe chukua basi"! Yule jamaa wa Santiago amenidhalilisha mbele ya kundi zima

KisiginoChaChuma (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mtanisamehe herufi zikirukaruka. Kikao kimeisha sasa hivi na chai niliyoitenga bado inafuka.

Yule jamaa mnamjua. Sitaji jina, wasimamizi watafuta uzi, lakini mnamjua. Yule mwenye kombe la bahari linaning'inia kwenye begi mwaka mzima, hata akienda kununua mkate. Alifika Santiago de Compostela, mji wa Hispania wanakoishia mahujaji wa Mtakatifu Yakobo, mara moja tu, na tangu hapo hajatamka sentensi isiyo na Santiago ndani. Ukimwambia umefiwa, anakujibu hata yeye aliacha jiwe pale Cruz de Ferro, ule msalaba wa njiani ambapo mahujaji huacha mawe. Ukimwambia unaumwa jino, anakuuliza umewahi kupata malengelenge. Huyo huyo.

Ajenda ya leo ilikuwa moja: kundi lichague safari. Twende kwa miguu kutoka Sarria au kwa baiskeli kutoka Ponferrada? Uenyekiti kajipa mwenyewe, hakuna aliyempigia kura.

Sasa mimi nimejiandaa jamani. Nimesoma mpaka macho yamekuwa mekundu. Najua wa miguu lazima afikishe kilomita 100 ndipo apewe ile hati ya Compostela, yaani cheti cha mhujaji, na wa baiskeli kilomita 200. Ndiyo maana dunia nzima inajazana Sarria, iko kwenye mia na ushei, na wa baiskeli wanapandia Ponferrada, mia mbili na kidogo. Hayo yote ninayo kichwani. Nikafungua maiki, kwa adabu zote nilizofundishwa na wazazi wangu, nikauliza: "Mwenyekiti, kwa mtu wa baiskeli, ule mlima wa O Cebreiro unapandika au ni kusukuma?"

Swali la mtu mzima! Uko karibu mita 1,300 juu, na ukishika njia ile ya Wafaransa, Camino Francés, kutoka Ponferrada hauukwepi. Nimuulize nani? Nimuulize mlima?

Kimya. Akarekebisha miwani. Akasogea karibu na kamera mpaka nikaona vinyweleo vya puani.

"Wewe chukua basi."

Wewe. Chukua. Basi.

Kundi zima liko kwenye skrini. Mmoja alikimbilia kuzima kamera, lakini meno niliyaona. Mwingine maiki yake ilikuwa wazi, nikasikia ukoo mzima unacheka, hadi watu ambao safari hawamo. Kuna mtoto aliuliza, "Mama, anayepanda basi ni yupi?" Mtoto!

Halafu yeye akaendelea na kikao utadhani hajaua mtu. Akaingia mambo ya mihuri, eti unagonga miwili kila siku kwenye pasipoti ya mahujaji, kanisani, bwenini, hata mgahawani. Mimi sisikii kitu. Kichwani linapita basi tu. Angeniambia nikodi baiskeli yenye gia nyingi, ningemwelewa. Angeniambia nishike njia ya Wareno, ile inayotokea Ureno, nianzie Tui, nitembee mia na ushei zangu bila mlima wa kunitoa roho, ningemshukuru na zawadi ningempelekea. Hapana. Basi! Na kwa basi hati yenyewe hupewi! Yaani ameninyima mlima na cheti kwa maneno matatu.

Na najua unasoma hapa kwa ile akaunti yako ya pili. Soma vizuri.

Lengelenge

Pole sana mkuu. Imeniuma kama ndugu yako.

Ila swali dogo: basi la saa ngapi?

KisiginoChaChuma

Nimekublock.

MshaleWaNjano

Huyo namjua vizuri sana. Mimi aliniambia anayeanzia Sarria ni mtalii aliyevaa raba. Mhujaji wa kweli eti anaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa, kilomita 780 hivi, mwezi mzima miguuni, avuke milima ya Pyrenees ndipo aruhusiwe kuongea. Nikamuuliza, na wewe kiongozi ulianzia wapi? Akasema mtandao wake unasumbua.

NyamaChomaYaRoho

Uzi bila picha. Tunaomba picha ya basi.

GiaYaKwanza

Mleta mada, jibu lako hili hapa, nimepita pale na baiskeli. Ukifika Las Herrerías njia inagawanyika. Wa miguu wanaingia kwenye kijinjia cha mawe kuelekea La Faba, wewe baki kwenye lami. Ni mrefu, utatukana, lakini unapandika kwa gia ndogo. Ukilazimisha kile kijinjia ndipo utasukuma, tena utasukuma huku unalia.

KisiginoChaChuma

Asante mkuu! Mmeona? Mtu kajibu, tena bila kumtusi mwenzake. Yeye ameshindwa nini? Alikuwa na nafasi ya kusema "lami". Neno moja! Akachagua basi.

BibiFimbo

Wajukuu, mimi jamaa yenu hanisumbui, wa aina yake nimewazika wengi. Nimetembea ile Meseta, uwanda mkavu wa juu, Burgos mpaka León, jua la utosini, mti huuoni, kijiji unakiona asubuhi unakifikia mchana. Hayo yote nilistahimili. Walionishinda ni watu wa baiskeli. Wanakuja nyuma yako kimyakimya, kengele hawapigi, unashtukia tairi liko kisiginoni. Mmoja alinipita kwa kasi mpaka fimbo yangu ikageuka ikaelekea Ufaransa.

GiaYaKwanza

Shikamoo Bibi.

Kengele tunapiga. Ninyi mmetanda njia nzima, mmeziba masikio kwa muziki, mtu anapiga kengele mpaka kidole kinakufa ganzi. Na jioni ndiyo kuna dhuluma yenyewe. Kwenye mabweni ya umma wa miguu wanapewa vitanda kwanza, sisi wa baiskeli tusubiri. Nimepanda milima kutwa, nimekaa kwenye ngazi kama mdaiwa, namwangalia kijana mbichi, hata jasho hana, anachukua kitanda cha chini.

BibiFimbo

Marahaba mwanangu.

Cha chini ni changu. Wewe una magurudumu, nenda kijiji kinachofuata.

TochiYaAlfajiri

Mnagombea vitanda vya nini, kwani kuna anayelala? Mimi usiku mmoja nililala chini ya bwana mmoja, akikoroma pazia linaingia ndani, akipumua pazia linatoka nje. Alfajiri aliponyamaza nikasema Mungu mkubwa, nikafumba macho. Ndipo mifuko ya plastiki ikaanza. Watu wanafungasha gizani, chakwara chakwara chakwara, na taa za kichwani wanakumulika usoni kama wanatafuta mshukiwa. Unakimbilia wapi saa kumi na moja alfajiri? Santiago imekaa pale tangu enzi za kati, haitahama leo.

MzigoMwepesi

Ndiyo maana mimi naona mchague safari ya kulipia kabisa. Hoteli zimeshapangwa, begi linatangulia kwa gari, unatembea na chupa ya maji na miwani ya jua. Hakuna kukoroma, hakuna ngazi, na hati unapewa ileile bila ubaguzi. Hata ukilala mabwenini, kuna watu wa kusafirisha begi kwa euro chache kila kituo.

BibiFimbo

Begi linapanda gari? Basi na lipewe hati lenyewe.

MzigoMwepesi

Bibi, heshima yako, lakini masharti yanasema nitembee mimi. Begi halikutajwa.

KisiginoChaChuma

Wakuu turudi kwenye mada. Nyie mnazungumzia begi kupanda gari, mimi ni MTU nimeambiwa nipande. Mbele ya watoto.

Lengelenge2

Mleta mada umelitaja basi kuliko kondakta. Hebu tuambie, nauli umeshalipa?

KisiginoChaChuma

Na hii akaunti nayo nimeiblock.

ChetezoKikubwa

Samahani, ninyi mnalia kwa maneno na vitanda. Mimi nilitembea kutoka Oviedo, njia ile ya Primitivo, kilomita mia tatu na zaidi za matope na milima, kucha mbili nimeziacha huko. Nafika kanisa kuu la Santiago, nakaa misa ya mahujaji, simu nimeiandaa nirekodi kile chetezo kikubwa cha ubani kinavyorushwa hewani kutoka upande huu hadi ule. Misa ikaanza, ikaisha, chetezo hakijarushwa. Namuuliza mtu, ananiambia hicho hakirushwi kila siku, ni sikukuu fulanifulani au kundi likichangia. Nikasema haya. Ninatoka nje, mwanamke anaonyesha wenzake video. JANA kilirushwa. Jana! Na mimi jana nilikaa kutwa nakausha soksi.

MshaleWaNjano

Daah, hii ya chetezo imepita ya basi. Pole sana.

TochiYaAlfajiri

Imepita mbali. Pole mkuu.

KisiginoChaChuma

Imepita kivipi? Yeye kakosa video, mimi nimekosa utu.

MshaleWaNjano

Mkuu tulia, kila mtu atasikilizwa. Chetezo, ulipokuwa unakausha soksi hukusikia hata tetesi?

NjooMwakani

Kwa wanaochagua, angalieni kalenda. 2027 ni Mwaka Mtakatifu wa Santiago, kwa sababu Julai 25, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, inaangukia Jumapili, na mwaka huo watu hujazana. Mwaka 2024 tu waliochukua hati walikaribia laki tano, sasa piga picha huo. Vitanda vitatafutwa kwa mwenge. Na wanaotaka kuanzia Ufaransa, ile njia ya juu ya Pyrenees hufungwa kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi, msije mkakata tiketi za Februari halafu mkaja kulia hapa.

GiaYaKwanza

Mwaka huo wa baiskeli tutalala juu ya miti.

BibiFimbo

Si mlisema Meseta haina miti? Aa, mimi ndiye niliyesema. Mtalala chini basi.

KisiginoChaChuma

Bibi na wewe umelitumia hilo neno makusudi.

NyamaChomaYaRoho

Kuna aliyepita Santo Domingo de la Calzada? Nimesikia kanisani kwao wanafuga kuku. Ni kweli au ni stori za barabarani?

BibiFimbo

Kweli tupu. Jogoo na tetea, weupe, wana banda lao juu ukutani, ndani ya kanisa kuu. Inasemekana kijana mmoja mhujaji alinyongwa kwa kusingiziwa wizi, wazazi wake wakamkuta bado hai. Wakaenda kumwambia hakimu, naye yuko mezani anakula, akawacheka, akasema kijana wenu yu hai sawasawa na huyu kuku wangu wa kuchoma. Kuku akasimama kwenye sahani akawika.

TochiYaAlfajiri

Subiri. Wanawika wakati wa misa?

BibiFimbo

Aliwika mimi nimo ndani. Padri hata hakugeuka.

MzigoMwepesi

Huyo angekuwa bwenini mngesema anakoroma.

ChetezoKikubwa

Yaani hata jogoo mmemsikia na mimi chetezo sikukiona.

GiaYaKwanza

Bibi, kuku ni walewale miaka yote au wanabadilishwa?

BibiFimbo

Wanabadilishwa zamu kwa zamu. Ungekaa humo mwaka mzima wewe?

KisiginoChaChuma

Jamani. Mada.

NyamaChomaYaRoho

Nimefungua uzi mpya wa jogoo wa kanisani, hamieni huko. Bibi njoo uelezee vizuri, na mwenye picha aje nayo.