Methusela alikufa lini? Hesabu tatu za Mwanzo 5

Mtoa mada:
Ndugu wachangiaji, mmoja wetu ametangulia kudai kwamba Septuaginta, tafsiri ya Kiyunani iliyoanzwa Alexandria katika karne ya 3 KK, ndiyo pekee iliyohifadhi umri halisi wa mababu, na kwamba marabi waliipunguza miaka katika Kiebrania. Ninapinga, ingawa si kwa kuamini kwamba Kiebrania hakikuguswa. Kwa maoni yangu maandiko yote matatu yaliguswa, ikiwamo Torati ya Wasamaria, yaani vitabu vitano vya Musa kama Wasamaria walivyovihifadhi, na anayetaka kupaona palipoguswa anahitaji kalamu na karatasi tu.

Tukijumlisha umri wa kila baba alipomzaa mwanawe, kisha miaka 600 ya Nuhu, gharika inaangukia mwaka 1656 tangu Adamu kwa Kiebrania, ambacho ndicho kilichofuatwa na Biblia zetu za Kiswahili. Kwa Wasamaria ni 1307, na kwa Septuaginta ni 2242. Tofauti ya Kiyunani haikutokana na usingizi wa mnakili. Adamu anamzaa Sethi akiwa na miaka 230 badala ya 130, lakini miaka aliyoishi baada ya hapo inapunguzwa kutoka 800 hadi 700, hivyo jumla yake inabaki 930. Sethi naye ni 205 badala ya 105, na jumla yake haibadiliki. Aliyefanya hivyo alikuwa anapiga hesabu.

Sasa mtazameni Methusela. Katika nakala nyingi za Septuaginta anazaliwa mwaka 1287, anamzaa Lameki akiwa na miaka 167 na anaishi miaka 969, maana yake anakufa mwaka 2256, miaka 14 baada ya gharika, ilhali safinani hakuwamo. Augustino, askofu wa Kanisa la kale, alilijadili tatizo hili, na nakala nyingine za Kiyunani zimeandika 187 ili mzee afe mapema. Kwa Wasamaria, Yaredi, Methusela na Lameki wanakufa wote mwaka ule ule wa 1307, kwa kuwa umri wao umekatwa: Methusela anaishi 720 tu. Katika Kiebrania anakufa mwaka 1656 barabara. Na Yaredi je? Kiebrania kinamwacha aishi 962, lakini kinamchelewesha kuzaa hadi 162, wakati kwa Wasamaria alizaa akiwa na 62. Mpeni hiyo 962 ndani ya hesabu ya Wasamaria, na ataipita gharika kwa miaka 115. Tundu ni moja, viraka ni vitatu.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa mada, umekaa Mwanzo 5 ukaikwepa Mwanzo 11, na huko ndiko Kiebrania kinakoelemewa. Arfaksadi anazaa akiwa na miaka 35 kwa Kiebrania, ila 135 kwa Septuaginta na kwa Wasamaria pia. Kutoka gharika hadi kuzaliwa kwa Abramu, Kiebrania kina miaka 292 tu, dhidi ya 942 kwa Wasamaria na 1072 kwa Septuaginta. Kwa hesabu hiyo fupi Nuhu alikuwa hai hadi Abramu alipofika miaka 58, na Shemu akaishi miaka 35 baada ya Ibrahimu kuzikwa. Inawezekanaje basi Mwanzo 25:8 imsifu Ibrahimu kwa kufa mzee aliyeshiba siku, babu wa babu zake akiwa bado anapumua? Wasamaria wa Gerizimu, mlima wao wa ibada, hawakuwa na sababu ya kuwapendelea Wayahudi wa Alexandria, kwa hiyo ushahidi wao una uzito.

Mtoa mada:
Kuhusu zile mia za Mwanzo 11, nakubali kwamba una hoja nzito kuliko yangu. Lakini shahidi wako Msamaria anakukana hapo hapo: yeye hana Kenani, ambaye Septuaginta inamweka kati ya Arfaksadi na Sela, na ambaye Luka 3:36 inamtaja. Miaka ya huyo Kenani, 130 kabla ya kuzaa na 330 baadaye, ni ile ile ya Sela anayemfuata, na 942 ukiongeza 130 unapata 1072 yako. Kisha yupo Tera. Kiebrania na Septuaginta zinampa miaka 205. Wasamaria 145, yaani 70 alipomzaa Abramu na 75 za Abramu alipotoka Harani, sawasawa na Stefano anavyosema katika Matendo 7:4, kwamba Ibrahimu aliondoka babaye alipokwisha kufa. Hapo mashahidi wawili, Kiebrania na Septuaginta, wapo upande wangu. Utawafuata, au utamfuata Stefano?