Fomu moja kwa tafiti zote: mwanafunzi wa hisabati aandike nini penye nafasi ya sampuli?

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli ya sekondari hapa Pemba, na mwaka huu nimeanza maandalizi ya shahada ya uzamili. Nataka kuandika tasnifu ya hisabati inayohusu kuenea kwa kichocho, lakini nimekwama mapema. Fomu ya pendekezo la utafiti niliyopewa inataka nitaje eneo la utafiti, ukubwa wa sampuli, aina ya hojaji na njia ya kukusanya takwimu, ilhali kazi yangu yote ni kalamu, karatasi na milinganyo. Mwenzangu anayesoma uchumi aliijaza kwa siku moja. Nilipouliza, niliambiwa kwamba utafiti usiokwenda uwandani si utafiti, na kwamba nitunge hojaji hata ya watu thalathini ili nafasi zile zisibaki tupu. Jambo hili limenisumbua, kwa sababu sioni hojaji hiyo itathibitisha nini. Naomba mliopitia uzamili na uzamivu katika sayansi, tiba, uchumi na hisabati mnieleze: katika fani yenu, ushahidi ni kitu gani hasa?

Bi Maabara, Chake Chake

Wa alaykumu s-salaam Maalim. Mimi ni mtu wa vimelea, na kwetu ushahidi huanzia kwenye kikombe cha mkojo. Tunaupokea kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa huo ndio wakati mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Mililita 10 zinasukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio kidogo, kisha kichujio kinawekwa chini ya hadubini na mayai yanahesabiwa moja moja. Utayajua kwa mwiba wake mmoja uliochongoka mwishoni. Yakifika 50 au zaidi, mtu huyo ana maambukizi mazito. Kabla ya kikombe hicho kuna kibali cha maadili na ridhaa ya mzazi, na mara nyingi mwanafunzi wetu hutumia muda mrefu zaidi katika hatua hizo kuliko maabara.

Ukubwa wa sampuli kwetu si nafasi ya kujazwa tu. Mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho uliofanyika Unguja na Pemba hadi mwaka 2017 ulihusisha shehia 90, yaani maeneo madogo ya utawala, zikagawanywa kwa kura: nyingine zilipata dawa pekee mara mbili kwa mwaka, nyingine dawa pamoja na kuua konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, nyingine dawa pamoja na elimu ya kubadili tabia. Maambukizi yalishuka sana, lakini hizo hatua za ziada hazikuonesha tofauti kubwa juu ya dawa yenyewe, na ugonjwa haukukatika kabisa. Bila ya idadi ile ya shehia tusingeweza kulisema hilo kwa uhakika.

Na tiba ina uzito mwengine ambao fani nyingi hazina. Hapa hapa Pemba watoto wadogo waliwahi kupewa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa nia njema kabisa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yakaonesha kwamba walilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa maeneo yenye malaria nyingi. Ndiyo maana sisi huulizwa maswali mengi kabla ya kuanza, na sioni ubaya. Lakini wewe hugusi mwili wa mtu, kwa hiyo si haki kukupitisha mlango huo huo.

Mchumi wa Paje

Naongeza machache. Hojaji kwetu ni chombo cha kawaida, lakini hata uchumi hauishi humo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mwanabiolojia wa bahari akiwafuata, atauliza kwa nini kotonii, aina mojawapo ya mwani, hufa maji yakipata joto. Mimi nitauliza kwa nini mama aendelee kufunga mwani kwenye kamba ilhali bei ni ndogo, na angefanya nini kama pasingekuwa na mwani. Swali hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu maisha ambayo hayakutokea hayahojiwi. Kwa ajili hiyo wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walizigawa skuli 75 za Busia, Kenya, katika makundi yaliyopewa dawa za minyoo kwa zamu, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo. Matokeo yao yalibishaniwa sana baadaye, na kubishaniwa huko ni sehemu ya kazi yetu. Watu thalathini waliookotwa njiani hawafanani na hayo hata kidogo.

Mwanahisabati, Tunguu

Maalim, usitunge hojaji. Katika hisabati ushahidi ni uthibitisho: unaeleza unachokichukulia kuwa kweli, kisha kila hatua inayofuata lazima itokane na iliyotangulia. Watu laki tatu hawauongezei kitu uthibitisho uliokamilika, wala hawauponyi uliovunjika.

Wasiokubali kwamba kazi hiyo ni utafiti waambie habari ya Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonesha kwamba malaria huletwa na mbu. Alikuwa daktari, lakini aliingia katika milinganyo, na humo akaona jambo ambalo hadubini isingemwonesha: si lazima kumaliza mbu wote, kwani wakipungua chini ya kiwango fulani malaria hufifia yenyewe.

Kwa kichocho kuna jambo linalokuhusu zaidi. Minyoo yake, dume na jike, huishi wawili wawili ndani ya mshipa wa damu wa mtu, jike akiwa amelala katika mfereji wa mwili wa dume, na jike asiyepata dume hatagi mayai yanayoambukiza. Mwaka 1965 mtafiti George Macdonald alionesha kwa hesabu kwamba minyoo ikiwa michache mno hata wasikutane, ugonjwa hukatika. Kwa visiwa ambavyo maambukizi yameshuka kama vyetu, kujua kiwango hicho kiko wapi ni tasnifu kamili. Penye sampuli andika "haihusiki", na chini yake aya moja ya kueleza dhana zako na namna utakavyozithibitisha. Msimamizi wako atie saini hapo.

Maalim wa Wete

Mmenipa nguvu, nyote. Aya hiyo nitaiandika usiku huu. Bi Maabara, swali la mwisho: kiwango cha Macdonald kinategemea minyoo imegawikaje miongoni mwa watu. Nikipata kibali cha kuona takwimu za zamani, niombe wastani wa kila shehia au hesabu ya kila mtu?

Bi Maabara, Chake Chake

Omba ya kila mtu, bila ya majina. Watu wachache hubeba mayai mengi na waliobaki karibu hawana kitu, na wastani wa shehia utakufichia hilo hilo unalolitafuta.