Bima imekataa dai la mgongo kwa madai ya "tatizo la zamani"

mzigo_ghalani: Wakuu, mfanyakazi wa ghala ameumia mgongo akiinua gunia la kilo 50. Ripoti ya ajali ilijazwa siku hiyohiyo. Bima ya mwajiri imekataa kulipa, ikisema kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili) kinaonyesha diski, yaani vifuko laini kati ya pingili za uti wa mgongo, zilizochakaa tangu zamani. Cheti cha kwanza cha zahanati kinasema "maumivu ya mgongo" tu. Pia ameitwa arudi kwenye "kazi nyepesi". Aanzie wapi?

karani_wa_madai: Barua ya kukataliwa kwanza. Muda wa rufaa huhesabiwa kuanzia tarehe ya barua au siku aliyoipokea, kutegemea sheria inayomhusu, kwa hiyo atunze hata bahasha. Apeleke pingamizi la maandishi ndani ya muda, aseme ripoti ya daktari inafuata. Asisubiri ikamilike.

Kuhusu diski: watu wazima wengi wanazo zilizochakaa na hawaumwi. Sheria nyingi za fidia haziulizi kama mgongo ulikuwa mzima kabisa, zinauliza kama kazi ilisababisha jeraha au ilizidisha tatizo lililokuwapo. Hapo daktari ndiye anayebeba dai. Ripoti yake itaje uzito wa gunia, mkao wakati wa kuinua, maumivu yalianza saa ngapi, na kazi alizokuwa akimudu kabla ya siku hiyo. Halafu atoe maoni kuhusu chanzo, na sababu zake. "Huenda ajali ilichangia" haitoshi. Kama anaamini ajali ndiyo chanzo kinachoelekea zaidi, aandike hivyo waziwazi.

nesi_wa_kiwandani: Hicho cheti cha kwanza hakitaji ajali, kwa hiyo kitawaumiza msipokishughulikia. Msiombe kifutwe wala kibadilishwe, maana kikionekana kimeguswa dai zima linapoteza heshima. Aiombe zahanati maelezo ya nyongeza yenye tarehe ya leo, na ayaambatanishe na ripoti ya ajali pamoja na maandishi ya waliomwona akiumia.

mzigo_ghalani: Na kazi nyepesi, akatae?

karani_wa_madai: Akikataa hivihivi, malipo ya ulemavu wa muda (anayolipwa akiwa hawezi kufanya kazi yake) yanaweza kusimamishwa. Daktari aandike mipaka kwa vipimo: kuinua kilo ngapi, kusimama dakika ngapi, kuinama au la. Mwajiri naye aeleze kazi hiyo kwa maandishi. Ikivuka mipaka, sababu ya kukataa ipo kwenye karatasi.

Wakishinda, wakague hesabu ya mshahara. Kosa la kawaida ni kuchukua mshahara wa msingi na kuacha saa za ziada na posho ambazo sheria inazihesabu. Malipo huwa asilimia ya mshahara, kwa hiyo mshahara unaotumika kwenye hesabu ukipunguzwa, kila malipo yanapungua.

nesi_wa_kiwandani: Nasisitiza hili: asisaini malipo ya mkupuo kabla daktari hajathibitisha hali imetulia. Asilimia ya ulemavu wa kudumu kwa kawaida haipimwi kabla hali haijatulia, na makubaliano mengi ya aina hiyo hufunga pia gharama za matibabu ya baadaye. Upasuaji ukihitajika baada ya hapo, atalipa mwenyewe.