Eti "IPv4 inakutosha, una kompyuta moja tu"!!

Wakuu, nimekata simu na kampuni yangu ya intaneti sasa hivi, damu inachemka. Siwataji, mnawajua, walewale wa "simu yako ni muhimu kwetu".

Nilitaka kufungua porti, yaani mlango wa kuifikia kutoka nje, ya kamera ya nyumbani. Kuingia kwenye ruta, anwani ya upande wa nje inaanza na 100.64. Kumbe ruta yenyewe haina anwani ya umma! Tumerundikwa mtaa mzima nyuma ya NAT yao, yaani wengi tunachangia anwani moja ya umma, fungua porti mpaka uzeeke, hakiingii kitu. Nikaomba IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti badala ya IPv4 ya zamani, kistaarabu kabisa. Jibu: "Mteja wetu, IPv4 inakutosha, wewe una kompyuta moja tu."

KOMPYUTA MOJA TU!

IPv4 ni ya 1981, anwani bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima, na IANA, wagawaji wakuu wa anwani duniani, waligawa mafungu ya mwisho Februari 2011. IPv6 ipo kwenye maandishi tangu 1995, biti 128. Kipande kimoja cha /64, fungu la kawaida la mtandao mmoja, kinameza IPv4 yote zaidi ya mara bilioni 4. Halafu huyu ananihesabia kompyuta. Alichungulia dirishani?

pakiti_iliyopotea: Kwani unazo ngapi mkuu? Tuanzie hapo 😂

bi_ruta: Afadhali yako. Mimi IPv6 wamenipa, ila faiwali ya ruta yao inazuia kila kinachoingia kutoka nje na haizimiki. Nina matrilioni ya anwani za kuangalia tu.

mzee_wa_nne: 192.168.1.1 naitaja hata usingizini. Hizo zenu za fe80 nukta mbili nukta mbili sijui nini, nani atamsomea mtu kwenye simu?

bi_ruta: Mzee, DNS, ile inayogeuza majina kuwa anwani, ipo kwa ajili hiyo.

mzee_wa_nne: DNS hiyohiyo inayokufa kila ukiihitaji?

mleta uzi: Turudi kwenye mada jamani. Amesema kompyuta MOJA. TU.

pakiti_iliyopotea: Na bado hujasema una ngapi.

zamu_ya_usiku: Mada ni NAT. Nimefungiwa gemu kwa sababu kuna mtu tunachangia anwani, yeye ndiye aliyecheza kwa udanganyifu. Simjui, hanijui, kifungo changu.

bi_ruta: Na kuchangia anwani ndiko kunaleta zile "thibitisha wewe si roboti" kila tovuti! Jana nimebofya taa za barabarani mpaka nikashindwa.

mzee_wa_nne: Ile nguzo ya taa inahesabiwa au haihesabiwi?

zamu_ya_usiku: Haihesabiwi.

bi_ruta: Inahesabiwa!!